MACHO YETU NA UCHUNGU WA DADA ZETU

Masomo: Mwanzo 9:20-23, Waamuzi 19 hata 21, 2 Samweli 12 na 13, Yoane 8:1-11, 1 Wakorinto 14



Siku moja ya soko hapa Kamango, mama mumoja wa kanisa letu aliniomba niende kumutafuta kijana wake katika nyumba ya video. Alikuwa amemutuma kupeleka kakao kwa mununuzi, na feza zilikuwa hazijarudi nyumbani. Nikaenda. Munajua nyumba hizo: mbao na bati, vitambaa vyeusi vya kuziba mwangaza, jenereta inalia kwa inyuma, na bafle moja imetundikwa juu ya mulango ili watu wa barabarani wasikie na kuingia. Nililipa kama wengine, kwa sababu mulinzi wa mulango alikataa kuniacha niingie bure hata nilipomwambia ya kuwa natafuta mutu tu. Neno hilo la kulipa nitalirudilia.

Ndani vijana walijaa. Filamu ilikuwa ya ngambo, na sauti ya mutafsiri ilikuwa imewekwa juu yake, namna ile iliyotoka Uganda ambako watafsiri hao wanaitwa VJ. Mutafsiri wa namna hiyo hasemi maneno ya filamu peke yake. Anaongeza yake, anachekesha. Wakati nilipoingia, wanaume wane walikuwa wanamushika mwanamuke mumoja kwa nguvu porini. Sitaandika zaidi ya hapo, kwa sababu nikiandika nitafanya katika gazeti hili kazi ileile ninayoilaumu. Mwanamuke alilia. Mutafsiri akatupa neno la muchezo. Nyumba yote ikacheka.

Nilimukuta kijana, nikamutoa inje. Mbele ya mulango kulikuwa wamama wenye kuuza nyanya na samaki wa kukauka. Kilio cha filamu kilikuwa kinatoka katika bafle ile, juu ya vichwa vyao. Mumoja wao alikuwa anarudisha nyanya zake katika kitunga, na ilikuwa bado saa nane ya muchana, saa ambayo soko lina moto. Mwenzake akamuuliza sababu gani anafunga mapema. Hakujibu. Habari yake naijua kidogo, na sitaisema.

Njiani kijana alinijibu kwa heshima lakini bila haya: “Mwalimu, ile ni filamu tu. Yule mwanamuke ni muchezaji, walimulipa. Hakuna mutu aliyeumizwa. Tena kwa mwisho anawaua wote. Filamu iko upande wake.”

Nilitembea naye hata kwa mama yake bila kupata jibu zuri. Kusema “ni zambi” ni rahisi. Alisikia hayo tangu utoto wake. Lakini swali lake lilikuwa swali la kweli: kama hakuna aliyeumizwa, zambi iko wapi? Basi haya ninayoandika ni jibu langu kwake, jibu lililochelewa, na njiani limenigeukia mimi mwenyewe.

Tuanze na hilo la kusema kwamba hakuna aliyeumizwa. Si kweli kila mara. Mwaka wa 1972 ilitoka filamu ya Bernardo Bertolucci, Last Tango in Paris. Muchezaji wake, Maria Schneider, alikuwa na miaka 19 tu wakati wa kuipiga. Mule ndani kuna pahali mwanaume anamulazimisha mwanamuke. Kitendo chenyewe kilikuwa cha kuigiza, lakini mwenye kuongoza filamu na muchezaji mwanaume, Marlon Brando, walipatana juu ya jambo moja la aibu bila kumwonya musichana vizuri. Miaka mingi kisha, Schneider alieleza katika magazeti kwamba machozi yake yalikuwa ya kweli, na kwamba alijisikia kama mutu aliyenajisiwa. Alikufa mwaka wa 2011. Mwaka wa 2013 Bertolucci alikubali mwenyewe kwamba alimuficha jambo hilo kwa kusudi, kwa kuwa alitaka aone haya kama musichana, si kama muchezaji. Tena kuna Linda Boreman wa Marekani, aliyeonekana katika filamu ya uchi iliyosifiwa sana miaka hiyohiyo. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1980 alieleza ya kuwa mume wake alimulazimisha kwa mapigo na kwa bunduki. Alisema vilevile kwamba kila mwenye kutazama filamu ile anamutazama yeye akibakwa. Waliolipa mulangoni hawakujua hayo. Walifikiri kama kijana wetu: alilipwa, anapenda.

Lakini nikubali ya kuwa mara nyingi kijana ana haki. Muchezaji alilipwa, akavaa nguo zake, akarudi kwake salama. Hapo swali linakuwa gumu zaidi, na hapo ndipo ninapotaka tukae.

Kuna filamu zinazotengenezwa kwa feza kidogo na kwa haraka, na mwenye kuzitengeneza hatafuti kwanza hadisi ya kusimulia. Anatafuta jambo moja litakalovuta watu mulangoni: damu, ao uchi, ao mwanamuke kushikwa kwa nguvu. Hadisi inashonwa kuzunguka jambo hilo kama mufuko unavyoshonwa kuzunguka kakao. Moja yao inafundisha sana. Mwaka wa 1974, katika muji wa New York, mutu aitwaye Meir Zarchi alikuwa anapita kwa gari karibu na bustani, pamoja na rafiki yake na binti yake mudogo. Wakamwona musichana anatoka katika vichaka, uchi, mwenye damu. Alikuwa amebakwa. Wakamuchukua. Kisha wakajiuliza: tumupeleke lopitali ao polisi? Wakachagua polisi. Zarchi ameeleza mwenyewe ya kuwa walitambua upesi kwamba wamekosa, maana askari alikaza kumuuliza musichana maswali, jina lake lote, namna linavyoandikwa, na taya lake lilikuwa limevunjika, kusema kulimushinda. Zarchi akakaza naye, hata musichana akapelekwa kwa waganga. Baba ya musichana alimwandikia barua ya asante na kutaka kumupa zawadi, akaikataa.

Kutokana na hasira ya jambo lile Zarchi alitengeneza filamu. Ilitoka mwaka wa 1978 na jina lake lilikuwa Day of the Woman, ni kusema Siku ya Mwanamuke. Ubakaji ndani yake unachukua karibu dakika 25, na kisha mwanamuke analipiza kisasi. Haikuvuta watu wengi. Mwaka wa 1980 muuzaji mwingine akaichukua, akaibadilisha jina: I Spit on Your Grave, ni kusema Ninatema Mate juu ya Kaburi Lako. Kwa jina hilo ikajulikana duniani, na wengine wengi wakaiga.

Angalieni vizuri, ndugu. Mwanzo ni Musamaria Mwema, pamoja na kosa lake. Mwisho ni dakika 25 za kilio ambazo mutu analipa ili azione. Katikati ni nini kiliharibika? Mimi nasema: musichana wa bustani aliondoka. Katika gari lile alikuwapo, na swali lilikuwa moja: huyu anahitaji nini sasa? Walijibu vibaya, lakini waliuliza. Katika filamu hayupo tena mutu wa kuuliziwa hivyo. Linabaki swali lingine: sisi wenye kukaa kwenye benchi tunataka kuona nini? Na bei ya kuingia ndiyo jibu tunalolitoa kila Siku ya Posho. Ndiyo sababu nilisema nitarudilia neno la kulipa. Mutafsiri hachekeshi bure, na bafle haikutundikwa bure. Mimi pia nililipa siku ile; feza yangu ilikaa katika sanduku moja na za wengine.

Na neno la “kwa mwisho anawaua wote”? Kuna watu, hata wanawake walioteswa, wenye kusema kwamba filamu hizo ziliwapa nguvu, kwa sababu kwa mara moja mukosaji analipa. Siwazarau, hapa kwetu tumeona wakosaji wangapi wakilipa? Lakini mwanamuke wa filamu hana haja ya muganga. Hapati mimba. Hana mama-mukwe, hana mutoto wa kunyonyesha, hakuna wenye kunongona anapofika kwenye maji. Anapona kwa kuua, na filamu inakwisha, taa zinawashwa. Mwanamuke aliyerudisha nyanya katika kitunga anarudi nyumbani kupika. Kesho yake anapita tena mbele ya mulango uleule.

Sisi wa Watalinga hatuna haja ya filamu ili tujue maneno haya. Tarehe 11 Julai 2013, waasi wa ADF walipoingia hapa Kamango, zaidi ya watu 60,000 walivuka mupaka kukimbilia Bundibugyo. Wengi wenye kusoma haya walilala katika kambi ya Bubukwanga, watoto juu ya magoti. Tangu hapo tumekimbia na kurudi, kukimbia na kurudi. Ni wanawake wangapi walikutwa na jambo hilo shambani, ao njiani kwenda Nobili, ao katika mateka, Mungu anajua. Wala si wenye silaha tu. Kuna jirani. Kuna mujomba. Wakati wa ugonjwa wa Ebola katika inchi ya Beni na Butembo, tangu mwaka wa 2018 hata 2020, kulikuwa watu waliokuja kutuokoa ambao waliomba miili ya wanawake ili wawape kazi. Tume iliyochunguza jambo hilo ilitoa habari yake Septemba 2021, ikataja watu 83 wenye kushitakiwa, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa Shirika la Afya la Dunia. Basi katika nyumba ya video, katika soko, na katika mabenchi yetu ya kanisa, mwenye jambo hilo yuko karibu nasi kuliko tunavyofikiri. Kicheko cha vijana anakisikia.

Sasa nimefika pahali kalamu yangu ni nzito.

Miaka imepita, katika maombi ya usiku ya parokia moja, mimi nilikuwa mupiga ngoma. Mwonaji alishukiwa na Roho. Akasimama mbele ya musichana mumoja akaanza kusema: alisema pori, alisema hesabu ya wanaume, alisema mwezi. Watu waliitika “Amina!” Wote tukageuza shingo. Nami nikageuza shingo, na ngoma ingali katikati ya magoti yangu. Nasema wazi: nilitaka kuona uso wake. Sikuuona vizuri, maana alikuwa anatazama mukeka, na mikono yake ilikuwa inavuta kitambaa cha kichwa kuja mbele. Tulimwombea saa nzima kwa sauti kubwa. Kulipokucha soko lote lilijua. Uchumba wake ulivunjika mwezi uleule. Kanisani hakurudi.

Sisemi mwonaji alisema uongo. Kama angesema uongo, jambo lingekuwa rahisi; tungemukemea na kumaliza. Alisema kweli, na kweli ile ikamurudisha musichana porini, na safari hii kulikuwa watazamaji. Niambieni basi tofauti kati ya usiku ule na nyumba ya video. Kule kulikuwa bafle, hapa kulikuwa ngoma yangu. Kule walilipa mulangoni, hapa tulitoa sadaka.

Wazee wengine watanijibu: Roho akisema, mwanadamu ni nani hata anyamaze? Jibu hilo ni la heshima, kwa sababu kanisa letu lilizaliwa kwa ufunuo na bila ufunuo lingekufa. Lakini someni 1 Wakorinto 14. Mutume anafundisha ya kuwa mwenye kutoa unabii anasema na watu kwa kuwajenga, kuwapa moyo na kuwafariji. Na mbele kidogo anaonyesha kwamba roho za manabii zinawatii manabii. Maana yake mwonaji anaweza kungoja. Anaweza kushika neno katika kifua chake hata asubuhi, amwite mama mumoja mwenye hekima, na kwa njia ya mama huyo musichana aulizwe kama anapenda kusikilizwa. Roho hakasiriki kwa kungojewa.

Tena mutazame Natani. Yeye pia alifunuliwa siri ya chumba cha ndani. Alikwenda kwa nani? Kwa Daudi. Alimuweka mufalme mbele ya kioo mpaka akajihukumu kwa kinywa chake. Batisheba hakuitwa asimame. Katika mufano wa Natani yeye ni mwana-kondoo wa masikini, na hakuna hata neno moja juu ya mwili wake. Unabii wa kweli unamulika mukosaji. Wetu wa usiku ule ulimulika aliyekosewa, na wale wanaume wa pori hatukutafuta hata majina yao.

Kuna sura nyingine ambayo wahubiri wanaikimbia, Waamuzi 19. Mulawi alimutoa suria wake inje kwa watu wa Gibea ili yeye mwenyewe apone; wakamutendea usiku kucha, akafa mulangoni. Bwana wake akamukata vipande 12, akavipeleka katika mipaka yote ya Israeli. Kila aliyeona alisema jambo kama hilo halijaonekana. Waliona! Hasira ikawaka, vita ikapigwa, maelfu wakafa. Halafu endeleeni hata sura 21: ili watu wa Benyamini waliobaki wapate wanawake, wakawachukua mabinti 400 wa Yabeshi-Gileadi, na wengine wakakamatwa kwa nguvu kule Shilo walipokuwa wanacheza ngoma. Uchungu wa mwanamuke mumoja ulionyeshwa kwa inchi nzima, na matunda yake yakawa wanawake mamia wenye kukamatwa. Suria yule, tangu mwanzo hata mwisho, hakusema neno hata moja. Hakuna aliyemuuliza.

Kwa sababu hiyo nina mashaka vilevile juu ya wenye kamera wanaofika kwetu na moyo mwema. Sisemi wote ni sawasawa. Lisa Jackson, aliyetengeneza mwaka wa 2007 filamu juu ya wanawake waliobakwa katika Kongo yetu ya mashariki, yeye mwenyewe alibakwa alipokuwa kijana, na aliwaeleza wanawake wa Kivu habari yake kabla ya kuomba yao. Filamu ya mwaka wa 2015 juu ya Muganga Denis Mukwege wa Panzi ilisumbua hata serikali, ikakatazwa, kisha ikaruhusiwa. Na miaka mitatu mbele Mukwege akapewa zawadi ya Nobel ya amani pamoja na Nadia Murad, mwanamuke wa Wayazidi aliyechagua mwenyewe kusema wazi yaliyompata. Kuchagua, hilo ndilo neno. Lakini mutu mwenye kufika na gari, akakusanya wamama chini ya mwembe, akauliza “ni nani hapa aliyebakwa?”, akapiga picha na kuondoka kabla ya mvua, huyo amefungua nyumba ya video tu, hata kama kwenye gari lake kumeandikwa jina zuri. Na simu za vijana wetu zenye kupitishiana picha za maiti na za wanawake waliovuliwa nguo, nazo ni hivyohivyo.

Sasa tufanye namna gani? Mimi nakwenda kwa Nowa. Alilala uchi katika hema. Hamu aliona, akatoka kuwaambia wenzake inje. (Wazungu wengine walitumia sura hii kutulaani sisi weusi. Waliisoma vibaya: aliyelaaniwa pale ni Kanana, na somo lenyewe ni la macho na la ulimi.) Semu na Yafeti walichukua nguo, wakaiweka mabegani, wakatembea kinyumenyume, nyuso zimegeuka, wakamufunika baba yao. Hawakukaa mbali kwa kuogopa kuona. Walikaribia, na nguo mukononi, bila kutazama. Ndugu zetu wa Kanisa la Nabii Simon Kimbangu wana amri kwamba mutu asioge wala asilale uchi. Wageni wanaicheka, mimi naona ndani yake fundisho kwamba mwili una heshima hata pasipo wa kuutazama. Na kanisa lao lilipona miaka 30 ya kifungo cha nabii wao, tangu 1921 hata 1951, kwa sababu mwanamuke, Mama Marie Muilu, alijua lipi la kusema na lipi la kufunika.

Kutembea kinyumenyume, kwetu Kamango, ni mambo ya kila siku. Musichana akija kwako usiku akilia, usimuulize walikuwa wangapi. Muulize kama anaumwa, kama ana baridi, kama anapenda uende naye. Peleka kwanza kwa waganga, polisi watangoje. Kabla ya saa 72 kupita kuna dawa za kuzuia ukimwi, na dawa nyingine za kuzuia mimba zinaweza kutolewa hata siku 5; lakini kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, na saa nyingi zinapotea kwa sababu wazee wa jamaa wanakutana kwanza. Panzi, tangu mwaka wa 1999, wamejifunza ya kuwa kushona mwili hakutoshi: wanaweka pamoja muganga, mwenye kusikiliza, mwenye kujua sheria, na kazi ya kumusaidia mwanamuke kuishi. Parokia ndogo haina hayo yote. Ina feza ya pikipiki. Ina mama mumoja wa kukaa naye kwenye benchi ya lopitali na kunyamaza.

Na ile mbuzi, ndugu! Tuache mbuzi. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006 inaazibu ubakaji kwa kifungo cha miaka 5 hata 20, na haikubali jambo hilo kumalizwa kwa kulipa faini. Mutoto ni yeyote asiyefikisha miaka 18. Muzee wa kanisa mwenye kukaa katika mukutano wa jamaa mbili, akapokea mbuzi wawili na kuwaoza mubakaji na aliyebakwa, amefanya kinyume cha sheria ya inchi. Na mbele ya Mungu amefanya kama Absalomu, aliyemwambia Tamari dada yake anyamaze kwa kuwa mukosaji ni ndugu. Tamari alikuwa amelia wazi njiani, amerarua vazi lake, alitaka kusikiwa. Huyu alitaka kusema, wakamufunga kinywa. Musichana wetu wa maombi alitaka kunyamaza, sisi tukasema badala yake. Makosa haya mawili yanafanana kuliko yanavyoonekana: katika yote mawili wengine waliamua.

Juu ya kusamehe nitasema kidogo tu. Tunakimbia sana kumwambia “samehe”. Mutu hasamehewi deni na mwenye deni hajaulizwa anadai kiasi gani.

Ninapomufikiria Bwana wetu katika Yoane 8, macho yake ndiyo ninayoyaona. Mwanamuke yule alishitakiwa uzinifu, si kubakwa, sichanganyi mambo. Lakini walimuweka katikati ili atazamwe, na kundi lote lilikuwa linamutazama. Bwana akainama, akaandika katika udongo. Nilisoma sura hiyo miaka mingi nikijiuliza aliandika nini. Siku hizi najiuliza neno lingine. Alipoinama, watu wale walitazama wapi? Nafikiri walitazama kidole chake. Kwa dakika ile hakuna aliyekuwa anamutazama mwanamuke.

Kijana wa kakao nilimweleza haya, si yote. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama yule mama wa nyanya alisikia kicheko chake. Nikamwambia bafle haichagui. Sijui kama bado anakwenda kule; sikumuuliza, na mulango ule una watu wengine wa kuulinda.

Musichana wa usiku ule nilimutafuta, kwa njia ya dada mukubwa wa kanisa, ili niombe musamaha. Alijibu kwamba amesikia, na kwamba nisifike kwake. Sikufika.

Katika komite yetu nimeleta shauri kwamba ufunuo wenye kugusa mwili wa mutu usisemwe tena mbele ya watu, ila uletwe kwa wamama wawili waliochaguliwa, nao wamuulize mwenyewe. Wazee wawili wamekataa, wakisema tunamufunga Roho kamba. Mumoja wao ni rafiki yangu wa tangu kambi, na najua hasemi kwa ubaya. Komite itakutana tena kisha mavuno ya kakao.